Ngome ya Dola na Mtu wa Lodwar

Mwishoni mwa Julai 2023, pale kundi lililojiita Anonymous Sudan lilipoimiminia mitambo ya eCitizen, mlango wa huduma za serikali mtandaoni, maombi ya uongo kwa wingi, hata ikashindwa kuwajibu wenye haja ya kweli, Serikali ya Kenya, kwa kinywa cha Waziri Eliud Owalo, ilikiri hujuma hiyo na kusema kwamba hakuna data iliyopotea. Huenda ni kweli. Lakini mkazi wa Lodwar, kaunti ya Turkana, ambaye huduma zaidi ya 5,000 za dola humfikia kwa mlango huo mmoja, na ambaye kutoka kwake hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 600, ana swali lililo karibu zaidi na tumbo lake: apite wapi, maadamu mlango umefungwa?

Sheria tunayo. Ile ya 2018 juu ya makosa ya kompyuta iliunda kamati ya taifa ya uratibu, ikawakalisha mezani katibu wa usalama wa ndani, mkuu wa majeshi, mkuu wa ujasusi, inspekta mkuu wa polisi na gavana wa Benki Kuu, watu ambao hapana shaka wanamjua adui. Ila kaunti, ambazo kwa Katiba ya 2010 ndizo zenye zahanati, hazikuwekewa kiti hata kimoja. Tadbiri ya namna hii, kwa rai yangu, ni ya mtu ajengaye boma asiulize kisima kiko wapi.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ndiko dosari hii inakojifichua zaidi. Mnamo 2015 Mpango wa Chakula Duniani ulianza kuwapelekea wakimbizi wa kambi hiyo, iliyofunguliwa 1992, sehemu ya posho kwa simu, ikaitwa Bamba Chakula. Basi mtandao ukilala, na sufuria nayo hulala. Fauka ya hayo, alama zao za vidole zimo katika hazina za UNHCR, na kidole, tofauti na neno la siri, hakibadilishwi kikishavuja.

Wala si lazima adui aje. Kaskazini mwa nchi, hasa Garissa, wamekuwako Wakenya walioandikishwa kama wakimbizi wakati wa ukame ili wapate posho, kisha walipokwenda kuomba kitambulisho mitambo ikawakana. Hapakuwa na mvamizi wala mwizi, data ilikuwa salama salimini, na raia wakakaa miaka bila kitambulisho.

Kuna mkakati wa taifa wa usalama wa mtandao uliopangiwa kukoma 2027. Utakaoufuata na uagize daftari la karatasi lenye nguvu ya sheria katika kila kituo cha Huduma, cha Lodwar kikiwemo, na afisa akaaye Turkana, mwenye idhini ya kusahihisha kosa la mitambo bila kungoja Nairobi.