Je, Wajua? Namba Milioni 16 za Kujipigia Mwenyewe

Je, wajua kwamba kompyuta yako ina namba zaidi ya milioni 16 za kujipigia yenyewe? Anwani yoyote ya IP inayoanza na 127 haitoki nje ya mashine. Kwa kawaida mafundi hutumia moja tu, 127.0.0.1, kujaribu programu kabla ya kuianika hadharani. Karibu zote zilizobaki zimelala, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuzigusa.

Israfu hiyo ilianzia kwenye mgao wa mwaka 1981. Anwani ya IP ya toleo la nne ina biti 32, hivyo jumla yake haivuki 4,294,967,296. Wakati huo ilionekana ni bahari isiyokauka. Namba ziligawanywa kwa madaraja: A inaanzia 0 hadi 127, B inaanzia 128 hadi 191, C inaanzia 192 hadi 223. Baadaye daraja D likaachiwa matangazo ya kundi, na E, kuanzia 240, likawekwa akiba kwa ajili ya siku za usoni. Siku hizo hazijafika, na anwani zake kama milioni 268 bado zimefungiwa kabatini.

Je, wajua kwamba daraja A peke yake lilimeza nusu ya anwani zote? Nusu nzima, kwa mitandao 126 tu! Kila aliyebahatika kuipata alipokea anwani zaidi ya milioni 16. Kampuni ya magari ya Ford ilipata fungu linaloanza na 19, Apple 17, na chuo cha MIT cha Marekani 18. Mwaka 2017 MIT ilipotangaza kuuza sehemu ya fungu lake, yenyewe ilisema anwani takriban milioni 14 hazijawahi kutumika.

Wenye kuumia walikuwa wa katikati. Taasisi yenye kompyuta 300 haikutosha kwenye daraja C, linalobeba mashine 254. Ikikimbilia daraja B, inapewa nafasi 65,534. Ni sawa na kuomba chumba cha kupanga ukakabidhiwa mtaa mzima. Ndiyo maana mwaka 1993 madaraja yaliachwa, ukaja utaratibu wa CIDR, ambapo fungu hukatwa kwa ukubwa unaohitajika na kuandikwa kwa mkwaju na idadi ya biti za mtandao: /22, /24, /26. Hata hivyo, wanafunzi wa kompyuta bado wanakaririshwa A, B na C, na kwenye mtihani yanaulizwa.

Subneti, yaani vipande vya mtandao mmoja, zilikuwepo tangu 1985, na hesabu yake ni tamu ukiifanya kwa mkono. Tuseme shule ina 192.168.10.0/24, yaani namba 256, na inataka kutenga ofisi, walimu, maabara na wageni. Inaazima biti mbili, inapata vipande vinne vya namba 64: 0 hadi 63, 64 hadi 127, 128 hadi 191, 192 hadi 255. Katika kila kipande namba ya kwanza ni jina la subneti yenyewe, ya mwisho ni ya kuwatangazia wote, hivyo mashine zinabaki na 62. Maski, yaani namba inayoonyesha biti zipi ni za mtandao, inakuwa 255.255.255.192, kwa sababu biti mbili zilizoazimwa, 128 na 64, ni 192. Sasa kompyuta ya maabara yenye .130 ikimtaka jirani yake .140, inampelekea moja kwa moja. Ikimtaka .70, aliye upande wa walimu, lazima ipitie kwa ruta, na hapo ndipo fundi anapoweka ulinzi wake.

Na je, wajua kwamba maski ya 255.255.255.200 haiwezi kuwepo? Biti za maski huwashwa kwa mfululizo kutoka kushoto, bila kuruka. Kwa hiyo kila sehemu hupokea 0, 128, 192, 224, 240, 248, 252, 254 au 255, basi. Ukiona nyingine, kuna mtu kakosea.

Februari 2011 mafungu makubwa matano ya mwisho ya dunia yaligawiwa kanda tano, kila kanda moja. Afrika, kupitia AFRINIC yenye makao Mauritius, ilichukua linaloanza na 102. Yake mengine ni kama 41, 105 na 197, ambayo fundi wa mitandao wa Nairobi au Dar es Salaam anayajua kwa kichwa.

Uhaba huo unao hata mfukoni. Zima Wi-Fi, washa data, kisha tazama anwani ya IP kwenye mipangilio ya simu. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi ni ya fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa makampuni ya intaneti yanayowapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya nje. Ndiyo maana tovuti inaweza kukufungia mlango kwa fujo za mtu usiyemjua kabisa, ila mnatoka na namba moja.