Toa Ranflati, Vaa Raba ya Ukweli

Ukiona Beemer, yaani BMW, imepaki hapa steji ya Sigor, imeng'aa, zile taa za macho ya malaika zimewaka mchana, usikimbilie selfie kwanza. Inama. Soma mbavu za tairi. Ukipata RSC imeandikwa hapo, ama RFT ya Bridgestone, ama ZP ya Michelin, ama SSR ya Continental, ama ROF ya Goodyear, jua hiyo ndai bado haijafika. Plate ni ya Kenya, lakini kwa tairi iko Munich.

Hiyo ndiyo ranflati. Mbogi ya mtaa inaipenda juu jina ni tamu. Mimi nakushow hivi, bila kupinda: kwa barabara zetu, ranflati ni doh imechomwa. Itoe. Weka tairi ya kawaida ya pafomansi, ile tamu, na ufanye hiyo kazi vile inafaa, si nusu nusu.

Kwanza rada. Ranflati ni tairi yenye mbavu zimeshindiliwa raba nene, ngumu. Pancha ikikushika na hewa yote ihepe, mbavu zenyewe zinabeba ndai. Deal yake ni kilomita 80, na usipitishe spidi ya 80. Piga hesabu: saa moja. Saa moja tu ndio umepewa. Kwa Mjerumani hiyo inatosha, juu ndani ya saa moja ashapata gereji, ashapata kahawa, ashapata tairi mpya ya saizi yake. Na tumpe haki yake: ukipasukiwa na tairi ukiwa mbio, ranflati inashikilia gari isiyumbe. Hiyo ni kitu ya maana. Hakuna mtu anabisha.

Shida ni ile wamechukua wakikupatia. BMW walipotoa E90 mwaka wa 2005, ile 3 Series kila chali wa Bomet alikuwa ameweka kwa wallpaper, ilikuja na ranflati bila spea. Fungua buti, inua kapeti. Unatafuta spea, unapata betri. Ndio, betri, imekaa huko nyuma imetulia. Hakuna jeki, hakuna wili spana. Msee anakuja ocha na ndai ya Mjerumani na hana hata jeki. Nduthi ya hapa steji iko na vifaa kumshinda.

Na hizi ndai zinatufikia vipi? Sheria ya Kenya inasema gari la mtumba lisipitishe miaka 8, na usukani uwe kulia. Kwa hivyo nyingi zinatoka Japan na Uingereza. Sawa. Lakini tairi nayo inazeeka, hata ikilala yadi. Angalia DOT kwa mbavu, namba nne za mwisho. Ukiona 2319, hiyo ilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Wauzaji wanapenda kukwambia "tairi ziko na meno, boss". Meno ni sawa. Soma miaka. Raba ikishazeeka inakuwa ngumu na kuanza nyufa, na ranflati ilikuwa ngumu toka siku ya kwanza.

Sasa ilete hapa. Toka Bomet ukija Sigor kuna matuta, na kuna yale matuta hayana rangi wala kibao. Pinda kidogo upande wa Kaboson, upite pale lami inaisha, murram inakupokea na mawe yake. Tairi ya kawaida inapiga shimo, mbavu zinakunja, hewa inanyonya mshtuko. Ranflati haikunji. Ile ngoma yote inapanda juu: rimu, busha, shoku, kiti, mgongo wako. Rimu ya aloi ya inchi 18 ikipigwa hivyo mara ya kwanza inapinda. Ikipigwa tena inapasuka. Alafu unaanza kuuliza kwa nini usukani unatetemeka ukifika 90. Dinga ni nzuri, bro. Tairi ndio inakuchoma.

Na usisahau jiwe la murram halitobolei hapo katikati kama msumari. Linachana ubavu. Ubavu ukichanika vibaya, jina ranflati halikusaidii na chochote. Tairi imeenda. Ile ya maana, na bei yake yote. Juu hiyo bei, manze! Ranflati nne mpya za jina zinaweza kula pesa ya ng'ombe wa gredi, yule wa maziwa, si yule wa kuchungwa kando ya lami. Halafu watengenezaji wengi hawataki hata uizibe ukishaiendesha bila hewa, juu ndani ya mbavu kunaweza kuwa kumeungua na huwezi kuona. Kwa hivyo pancha moja, tairi moja chini. Bonasi ya chai ya Oktoba iingie saa nne, saa tano iko kwa duka la tairi. Zii.

Tuongee mvua. Hii side yetu ya Chepalungu inakauka mara kwa mara, lakini panda juu uone. Toka Kaplong upite Litein mpaka Kericho: kona juu ya kona, chai kushoto, chai kulia, na mvua ya alasiri inakuja bila kupiga simu. Trekta ya majani chai imetoka shambani ikaacha matope kwa lami. Hapo ndio utajua tairi yako ni ya kupiga picha ama ni ya kazi. Tairi nzuri ya pafomansi, sema Michelin Pilot Sport 4 ama Continental PremiumContact 6, iko na mifereji mipana inatema maji, na raba laini inayoshika lami baridi. Ukikanyaga breki, inashika. Ukipinda, inafuata. Na juu mbavu zake zinakunja kidogo, inabaki imelala kwa lami hata pale lami imejikunja.

Ukinunua, tafuta ile stika ya Ulaya imebandikwa kwa tairi. Kuna kamchoro ka wingu na mvua, na herufi toka A mpaka E. Hapo ndio breki ya maji imepimwa. A ndio bazenga. Duka likikwambia stika imepotea, wewe pia potea.

Wazee nao! Wazee wako na maoni. Mbuyu wa kila mtu hapa aliwahi kuwa na Peugeot 504, ama alibebwa na Peugeot 504, ama alisimama karibu na Peugeot 504, na tangu hapo yeye ni injinia. Ataangalia low profile yako, atatikisa kichwa, atasema hiyo tairi haijakula. Alafu atakupa ushauri wake wa miaka yote: "Weka tube ndani." Buda, hapana. Tairi ya tyubulesi ya namba hizi ukiiwekea tube, tube inasuguana na ukuta wa ndani, joto linapanda, na ikipasuka hewa inatoka yote mara moja. Tyubulesi ikidungwa msumari, hewa inavuja pole pole, unapata time ya kusonga kando. Mwambie mzee asante, mpe mursik, songa mbele.

Sasa namba, na hapa nisikize poa juu watu wengi wanachoma picha hapa. E90 nyingi zinavaa 225/45R17 91W. 225 ni upana, milimita. 45 ni asilimia: ubavu ni asilimia 45 ya huo upana, karibu sentimita 10. R17, rimu ya inchi 17. 91 ni uzito, kilo 615 kwa kila tairi. W ni spidi, mpaka 270. Hutawahi fikisha 270 hapa Sigor, na ukijaribu tutaongea na mathe wako. Lakini hizo namba zinakwambia tairi imejengwa kubeba nini na kuvumilia joto gani. Usishuke chini ya zile ziko kwa stika ya mlango. Msee anatoa ranflati ya 91W anaweka kitu ya bei ya kutupa yenye haijulikani inabeba kilo ngapi, alafu anajaza watu wanne na magunia mawili ya mahindi akienda Nairobi. Hapo hujaokoa doh. Hapo umenunua ngori.

Kitu moja safi sana na wengi hawaijui: hizo 320i nyingi zilitoka kiwandani na rimu ya inchi 16, tairi 205/55. Ubavu unaongezeka, unakaribia sentimita 11 na kitu. Kama breki zako zinaingia ndani ya hiyo rimu, shuka inchi 16 bila aibu. Aibu iko kwa yule amepanda inchi 19 na ubavu mwembamba, anapita tuta la Sigor akienda kando kando, nduthi tatu zimesimama nyuma zikingoja amalize. Kuparara gani hiyo?

Na usichanganye. Ranflati mbili mbele, kawaida mbili nyuma? Wacha. Ukuta moja mgumu, moja laini, kona inakuwa mabishano. Badilisha zote nne. Kama doh haijafika, tulia, ngoja. Hakuna mtu anakuharakisha.

Kuna mahali wasee wanashindwa kabisa: kazi ya kutoa. Fundi wa pancha wa hapa ni mnoma, ametuokoa sote, lakini vyuma viwili vya mkono na ranflati haziendi pamoja. Ubavu mgumu unakataa kunyanyuka, chuma kinateleza, kinakwaruza rimu, kinakata ule mdomo wa tairi unaoshika hewa. Peleka kwa mashine, Bomet ama Kericho. Wakimaliza wapige balansi, alafu alaimenti. Kama gari yako iko na sensa za presha ndani ya vali, mwambie fundi mapema asizivunje, si akishavunja. Kama ni ile inahesabu mzunguko wa gurudumu kupitia ABS, haina sensa ndani, na itaendelea kufanya kazi na tairi yoyote. Jaza hewa sawa, ingia kwa menyu, iseti upya. Taa ya onyo ya presha sasa ni rafiki yako mkubwa, juu tairi ya kawaida ikiisha hewa haikubebi hata kidogo. Unasimama.

Ndio maana spea si mjadala. Zile ndai za Safari Rally, tangu WRC irudi Kenya 2021 tunaenda Naivasha kuziona na mbogi yote, zile za teknolojia ya kutisha, ziko na spea ndani. Moja, mara nyingi mbili. Kama gari ya WRC inabeba spea, wewe unajiona nani? Tafuta ile spea nyembamba ya saizi ya BMW yako. Haitakupeleka kwa kasi, mwisho ni 80, lakini itakufikisha Longisa. Ibane vizuri kwa buti isirukeruke. Ongeza jeki, wili spana, kompresa ndogo ya kuchomeka kwa soketi ya sigara, na kamba za kuziba pancha. Zile chupa za gundi ni sawa kwa tundu la msumari. Kwa ubavu uliochanika hazifanyi kitu.

Na bolti ya loki! BMW haitumii nati, ni bolti, na moja kwa kila gurudumu mara nyingi iko na loki yenye ufunguo wake maalum. Hako kafunguo ni kadogo kuliko kidole. Ndai ikitoka ng'ambo, kamebaki huko. Utajua siku ya pancha, usiku, kati ya Sigor na Kaboson, fisi wanakucheki. Kabla ulipe muuzaji hata shilingi, mwambie akuonyeshe. Hana? Bei ishuke.

Ukiagiza tairi kutoka Nairobi, andika Sigor, Bomet, Chepalungu, kwa herufi kubwa. Kuna Sigor ingine iko Pokot Magharibi, na raba zako zikienda huko utapiga simu mpaka kredo iishe. Alafu zikifika, kabla utoe hata mia, soma DOT zote nne. Duka zingine zinapenda kuchanganya mpya tatu na nzee moja.

Utasikia tofauti siku ya kwanza. Usukani utakuwa mwepesi kidogo, ndai italegea sekunde moja ukiingia kona, juu mbavu ni laini. Usiogope. Cheki presha ya stika ya mlango asubuhi tairi ikiwa baridi, na uache raba mpya zizoee lami kabla uanze mbwembwe. Baada ya hapo pita lile tuta la Sigor. Chai kwa kikombe haimwagiki.

Zile ranflati nzee usiziuze kwa msee mwingine wa Beemer, huo ni uadui. Mpe mzee wa 504, azikate awekee ng'ombe maji. Atalilia msumeno wiki nzima.