Deni Lililomo Ndani ya Kadi ya Supamaketi

Sehemu ya risiti ambayo wanunuzi wengi hawaisomi ni ile ya chini kabisa, baada ya jumla na baada ya VAT, pale palipoandikwa idadi ya pointi. Mtu aliyetoka Myanga kwenda Bungoma mjini kununua vitu vya mwezi huhakikisha chenji imetimia, hukunja risiti, huwahi matatu. Pointi huziona kama hisani tu, mfano wa ile konzi ya maharagwe ambayo mama wa sokoni humwongezea mteja juu ya gorogoro lililokwisha kujaa. Kosa linaanzia hapo. Nyongeza ya sokoni hutiwa mfukoni papo hapo na mambo yakaisha. Pointi ni ahadi ya kulipwa siku nyingine, na ahadi, kama tunavyokumbushana kila siku, ni deni. Anayeishika kadi yake kama mdai huitumia tofauti kabisa na anayeishika kama mpokea zawadi.

Wahasibu walishalikubali jambo hili zamani. Kanuni za kimataifa za uhasibu, ambazo kampuni za Kenya huzifuata, huitaka kampuni itenge sehemu ya mapato ya mauzo ya leo na kuiandika upande wa madeni mpaka mteja azitumie pointi zake au muda wake uishe. Kwa hiyo vitabu vyao vyenyewe vinakiri kwamba unawadai. Vilevile vinaeleza kwa nini pointi zina tabia ya kuwekewa tarehe ya kufa: deni linalofutika ni faida kwa anayedaiwa. Mwaka 2022 kampuni ya simu ya Safaricom ilipotangaza kwamba pointi za Bonga zenye umri wa zaidi ya miaka mitatu zingefutwa, Wakenya wengi walishtuka, kana kwamba wameporwa akiba. Mshtuko ule ulikuwa na haki yake, lakini ulionyesha pia kwamba watu walikuwa wameweka mali mahali ambapo masharti huandikwa na upande mmoja.

Mtu ataniambia: supamaketi si kioski, haiwezi kutoroka na pointi zangu. Historia ya Kenya haimuungi mkono. Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975 na kuonekana kama duka la taifa, ilifunga milango Juni 2006 kabla ya kufufuliwa chini ya meneja mrasimu. Nakumatt, ambayo kadi yake ya pointi ilijaa pochi za watu wa mijini, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Mwaka huohuo Tuskys ilianza kufunga matawi kwa sababu ya madeni ya wasambazaji na wenye majengo. Duka likifilisika, madeni hulipwa kwa foleni: wenye dhamana kama benki wako mbele, wafanyakazi wana nafasi yao, na wadai wasio na dhamana husubiri kitakachobaki. Mwenye pointi 400 kwenye kadi, au vocha ya Krismasi aliyopewa na mwajiri, yuko mkiani. Ndiyo maana nasema pointi zitumiwe mapema. Hazizai riba, bei za vitu zinapanda, na mlango wa duka unaweza kufungwa usiku mmoja.

Deni lina masharti, na masharti ndiyo uwanja ambao mnunuzi hushindwa bila kujua. Tazama kuponi: za kwanza mashuhuri zilitolewa Marekani mwishoni mwa karne ya 19, Coca-Cola ilipogawa vijikaratasi vya kumpa mtu glasi moja ya bure ili aionje. Huko hadi leo mtengenezaji ndiye hulirudishia duka pesa za kuponi yake, na kwa sababu hiyo duka hukagua kwa ukali: saizi ileile ya pakiti, kuponi moja kwa kitu kimoja, tarehe isiyopita. Kwetu vikaratasi vya kukata gazetini havikushika mizizi, lakini masharti yaleyale yamo kwenye ofa za rafuni, kwenye vocha na kwenye kadi. Ofa ya sabuni huenda inahusu pakiti ya gramu fulani tu. Vocha ya shilingi 1,000 mara nyingi hairudishi chenji, kwa hiyo ukinunua vitu vya 860 umeliachia duka 140. Kama pointi zako zimefungwa kwenye namba ya simu uliyoacha kuitumia, zimefungwa kweli. Mwulize keshia kabla hajaanza kupitisha vitu kwenye mashine. Akishatoa risiti, mazungumzo huwa marefu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: senti zenyewe ni chache, za nini kujisumbua? Tufanye hesabu. Tuseme duka linatoa pointi moja kwa kila shilingi 100, na pointi ni shilingi moja. Manunuzi ya 3,000 yanakupa shilingi 30. Hiyo ni asilimia moja, na haifikii nauli ya kutoka Myanga kwenda mjini na kurudi. Kwa hiyo pingamizi lina ukweli, ila linatufikisha kwingine. Usisafiri kwa ajili ya pointi, wala usiongeze kitu kikapuni ili ufikishe kiwango cha ofa. Kama ulikuwa unakwenda mjini kwa shughuli zako, dai kilicho chako. Na punguzo la unga wa pakiti halimwokolei chochote mwenye mahindi yake, anayelipa poshomili tu. Hata duka la mtaani linalokukopesha hadi siku ya mshahara linakupa kitu ambacho kadi ya supamaketi kama Khetia's au Naivas haikupi, ingawa bei yake iko juu kidogo.

Inasemekana pia kwamba mnunuzi mmoja hana nguvu mbele ya kampuni. Sheria inasema vingine. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari za kumwezesha kunufaika na bidhaa anazonunua. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza kutangaza punguzo ambalo halipo, na maneno ya mkataba yenye utata yanapaswa kufasiriwa kwa manufaa ya mtumiaji. Tena, jina na namba uliyotoa ulipochukua kadi vinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Una haki ya kuuliza vinatumiwaje. Bei ya rafuni ikitofautiana na ya kwenye mashine, piga picha ya rafu, shika risiti, omba meneja. Asipokusikiliza, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji.

Safari ijayo ya mjini, isome risiti mpaka mstari wa mwisho, kisha mwambie keshia: hizi pointi nazitumia leo.