Je, Wajua? Mshahara, Watoto na Impôt mjini Bunia

Je, wajua kwamba neno "kodi" lina sura mbili? Mwenye nyumba wa Mudzipela akibisha hodi mwanzo wa mwezi, anadai kodi. Serikali nayo inadai kodi. Ndiyo sababu watu wengi wa Bunia husema impôt wanapotaja ile ya serikali, na wenzetu wa Lingala husema mpako. Leo tunazungumzia impôt, hasa ile inayokatwa kwenye mshahara wa mwalimu wa shule binafsi, muuguzi, mlinzi, dereva na mfanyakazi wa shirika. Kila mwisho wa mwezi nasikia swali lile lile: kwa nini nimekatwa hivi, na nimwendee nani?

Je, wajua kwamba kwa IPR, ile kodi ya mshahara tuliyoizoea, mfanyakazi wa Kongo hajazi mwenyewe fomu? Mwajiri ndiye anayekata IPR, akaitangaza kwa DGI, ofisi ya impôt ya serikali, akailipa kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupita. Kenya mambo ni tofauti. Huko kila mwenye namba ya kodi hujaza taarifa yake kwenye mfumo wa iTax kabla ya mwisho wa Juni, hata kama mwajiri amekwisha kukata kila kitu, na anayepitisha tarehe hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Ndugu aliyefanya kazi Nairobi akarudi Bunia hutafuta fomu ya kujaza asiione. Kwetu, kosa likifanyika hufanyika kwenye meza ya mhasibu, nawe huna njia ya kuliona ila kupitia fishi ya mshahara.

Je, wajua kwamba fishi hiyo ni haki yako? Kanuni ya Kazi ya 2002 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi hesabu ya malipo yako kila unapolipwa. Bahasha yenye noti na salamu nzuri haitoshi. Mtu wa kwanza wa kukusaidia katika mambo ya kodi, basi, ni mhasibu wa hapo hapo kazini. Mwendee na fishi mkononi, umwombe akusomee mstari mmoja mmoja: mshahara ghafi, CNSS, IPR, kilichobaki.

CNSS na IPR, kwa njia, si kitu kimoja. CNSS ni akiba ya uzeeni na bima ya kazi: wewe unakatwa 5%, mwajiri anaongeza 13% kutoka mfuko wake. IPR huhesabiwa baada ya ile 5% yako kutolewa. Mhasibu akikata IPR juu ya mshahara ghafi wote, umekatwa zaidi ya ilivyotakiwa.

Je, wajua kwamba nyongeza ya mshahara haiwezi kukupunguzia mshahara? Wengi wanaogopa: nikipanda ngazi, pesa zote zitakatwa kwa asilimia ya juu. Sivyo. Kila kipande hukatwa kwa ngazi yake. Kwa ngazi za IPR ambazo wahasibu wetu wamezizoea, franga 162,000 za kwanza za mwezi hukatwa 3%. Kutoka hapo hadi 1,800,000 ni 15%. Hadi 3,600,000 ni 30%, na kinachozidi ni 40%. Halafu kuna kizuizi: kodi yote ikijumlishwa haivuki 30% ya pato linalotozwa.

Tupige hesabu pamoja. Chukua mshahara wa franga 500,000 baada ya CNSS. Kipande cha kwanza, 162,000, kwa 3% ni franga 4,860. Zinabaki 338,000, ambazo kwa 15% ni 50,700. Jumla ni 55,560. Aliyekatwa 75,000 kwa mshahara huo amekatwa 15% juu ya pesa zote, kana kwamba ngazi ya kwanza haipo. Hesabu hii inatosha kwenye kipande cha karatasi na kalamu, na mhasibu mwema hataudhika ukiiweka mezani kwake.

Je, wajua kwamba watoto wako wanapunguza kodi? Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo familia nyingi za Bunia zinapoteza pesa bila kujua. Kwa kila mtu unayemlea kisheria, IPR hupunguzwa 2%, hadi watu 9. Wanaohesabiwa ni mke, watoto ambao hawajaoa wala kuolewa, wakiwemo waliozaliwa nje ya ndoa mradi ubaba umethibitishwa na wale wa kuasiliwa, pamoja na wazazi wa mume au wa mke wanaoishi nyumbani mwako. Yule wa franga 55,560, akiwa na mke na watoto wanne, anapunguziwa 10%. Analipa 50,004. Kwa mwaka mzima amebakiza zaidi ya franga 66,000. Ni viatu vya shule na madaftari.

Nimeshika mkononi fishi ya baba wa watoto sita. Pale palipoandikwa "personnes à charge" palikuwa na sifuri. Miaka minne. Hakuna aliyemwibia: siku aliyoajiriwa aliambiwa alete vyeti vya kuzaliwa vya watoto, naye hakuwa navyo, na baada ya hapo hakuna aliyemkumbusha.

Kwa nini hakuwa navyo? Kwa sababu ni mtu wa Djugu. Tangu Desemba 2017 maelfu kwa maelfu wamekimbia mashambulizi vijijini mwao wakiwa na godoro na sufuria, wakaja kupanga vyumba mjini au kuishi chini ya maturubai kama pale kambini Kigonze. Karatasi zimeungua na nyumba. Watoto wengine wamezaliwa njiani na hawakuandikwa popote. Mhasibu hawezi kuhesabu mtoto ambaye serikali haimjui.

Na je, wajua kwamba mlango haujafungwa kwa watoto hao? Kanuni ya Familia iliyorekebishwa 2016 inawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha mtoto bure kwenye ofisi ya état civil. Siku 90 zikipita, inahitajika hukumu ya mahakama, jugement supplétif, inayotolewa na mahakama ya watoto, na kwa hukumu hiyo ndipo afisa wa état civil huandika cheti. Ni safari yenye kupanga foleni na gharama zake, sitaificha. Lakini karatasi hiyo itatumika shuleni, kwenye pasipoti, kwenye urithi, na kila mwezi kwenye fishi ya mzazi wake.

Je, wajua kwamba kuhesabu wake na watoto kwa ajili ya kodi si jambo la jana? Wabelgiji, kwa dekreti ya Mei 1910, walieneza kodi ya pesa taslimu kwa kila mwanamume mzima wa Kongo, na mwenye wake wengi alitozwa nyongeza kwa ajili ya wake hao. Kutafuta pesa ya kodi ni mojawapo ya mambo yaliyowasukuma wanaume wa Ituri kwenda kwenye dhahabu ya Kilo-Moto. Wazee wetu walijifunza kuitunza stakabadhi ya kodi, kwa kuwa aliyekutwa bila hiyo aliweza kukamatwa.

Haraka haraka sasa.

Je, wajua kwamba mshahara wa dola unageuzwa kuwa franga kabla ya kukatwa kodi? Ngazi zote ziko kwa franga. Kiwango cha kutazama ni cha Banki Kuu ya Kongo. Cha cambiste wa barabarani hakihusiki.

Je, wajua kwamba kibarua wa muda hapiti kwenye ngazi? Aliyeajiriwa kwa kazi ya siku chache hukatwa 15% moja kwa moja. Aliyefanya uchunguzi wa wiki mbili kwa ajili ya shirika asishangae.

Je, wajua kwamba sheria iliyobeba IPR miaka yote hii ni ya tarehe 10 Februari 1969? Mnamo Novemba 2023 nchi ilipata sheria mpya ya kodi ya mapato ya watu binafsi, IRPP, iliyotungwa kuchukua nafasi ya vipande vile vya zamani. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mhasibu mwaka huu liwe: tunatumia jedwali gani?

Je, wajua kwamba wanaokudai wanatoka ofisi tofauti? DGI, iliyoundwa Machi 2003, ni ya impôt kama IPR na TVA. DGDA ni ya forodha, ile unayokutana nayo Mahagi na Aru mpakani na Uganda. DGRAD ni ya malipo ya huduma na vibali vya serikali kuu. Mkoa nao una ofisi yake ya mapato, maana Katiba ya 2006 katika kifungu cha 204 iliipa mikoa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya magari, na kodi ya mapato ya kupangisha. Ukitokewa na mtu mwenye karatasi, muulize kwa upole: papa, unatoka ofisi gani, na kodi hii inaitwaje? Mengi hunyooka hapo hapo.

Hiyo kodi ya kupangisha inawachanganya wenye nyumba sana, hasa tangu mashirika yalipojaa mjini. Unakubaliana na shirika dola 1,000 kwa mwezi, banki inakuletea 800. Hujaibiwa. Kwa utaratibu uliozoeleka nchini kodi hiyo ni 22%, na mpangaji ambaye ni shirika au kampuni hukata 20% na kuilipa kwa jina lako. Mdai uthibitisho wa makato hayo, kila mara. Bila karatasi hiyo, ofisi ya mkoa inaweza kukudai tena ile ile, nawe huna cha kuonyesha. Uliza pia kiwango cha mwaka huu hapo mkoani, kwa kuwa ni kodi ya mkoa. Na kabla ya kutia sahihi mkataba, amueni kama bei iliyoandikwa ni kabla au baada ya makato. Sentensi moja kwenye mkataba inazuia ugomvi wa mwaka mzima.

Je, wajua kwamba mama wa duka dogo ana sheria yake? Kwa sheria ya 2013, biashara yenye mauzo chini ya franga milioni 10 kwa mwaka iliwekewa kodi moja ya jumla, franga 50,000 kwa mwaka. Kutoka hapo hadi milioni 80, ni 1% ya mauzo kwa anayeuza bidhaa na 2% kwa anayetoa huduma. Atakayemdai IPR yake mwenyewe juu ya hiyo hajaisoma sheria.

Je, wajua kwamba namba ya kodi, Numéro Impôt, haiuzwi? Huanza na herufi A, nayo huombwa DGI ndani ya siku 15 baada ya kuanza shughuli. Mtu wa nje anayekutaka dola ili "akuharakishie" anauza kitu cha bure.

Je, wajua kwamba impôt hulipwa banki? Pesa huingia kwenye akaunti ya hazina, na stakabadhi ya banki ndiyo ushahidi wako. Usiweke noti mkononi mwa mtu, hata akiwa na beji. Stakabadhi zitunze angalau miaka minne, kwa kuwa DGI inaweza kurudi nyuma hadi hapo. Kwa sisi tuliowahi kukimbia usiku, nashauri kuzipiga picha na kuzituma kwa ndugu wa mji mwingine.

Je, wajua kwamba kuchelewa huhesabiwa kwa miezi mizima? Siku tatu ndani ya mwezi mpya ni mwezi kamili wa riba.

Je, wajua kwamba unaweza kupinga? Sheria ya taratibu za kodi ya 2003 inampa mlipaji haki ya kuandika malalamiko kwa DGI, na akikataliwa kwenda mahakama ya rufaa. Iwe barua, yenye sahihi na sababu, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo kwenye gishe hayana tarehe.

Na msaada wa kuandika barua hiyo? Wafanyabiashara wanayo FEC, shirikisho lao, ambayo ina tawi Ituri. Kuna wahasibu walio kwenye Ordre ya taifa iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Kuna mawakili, na vyama vya wafanyakazi. Kinachokosekana ni meza ya bure kwa mtu wa mshahara mdogo. Marekani walianza mpango wa watu wa kujitolea kuwasaidia wanyonge kujaza fomu za kodi mwaka 1969, mwaka ule ule wa sheria yetu. Bunia ina vyuo vyenye wanafunzi wa uhasibu, na kila Jumamosi kuna madarasa matupu. Natamani sana meza hiyo iwepo.

La mwisho. Zile siku 90 za état civil zinaanza kuhesabiwa siku mtoto alipozaliwa. Aliyezaliwa Bunia Mwaka Mpya, baba yake ana hadi mwisho wa Machi.