Sanamu ikichongwa na mashine, mchongaji ni nani?

MWAKA 2023, Jumba la Makumbusho ya Teknolojia jijini Stockholm, Sweden, lilionyesha sanamu ya chuma kisichoshika kutu ambayo umbo lake halikubuniwa na mchongaji yeyote aliye hai.

Sanamu hiyo, iliyotengenezwa na kampuni ya uhandisi ya Sandvik ya nchini humo, ina urefu wa sentimita 150 na uzito wa kilo 500. Inaonyesha mtu aliyefunikwa vazi kuanzia kiunoni, akishika tufe la shaba mkononi.

Kazi hiyo ilipitia hatua tatu. Kwanza, programu za akili mnemba zilijifunza mitindo ya wachongaji watano wa zamani: Michelangelo wa Italia, Auguste Rodin wa Ufaransa, Käthe Kollwitz wa Ujerumani, Kotaro Takamura wa Japani na Augusta Savage wa Marekani. Kutokana na mitindo hiyo, ikapatikana picha moja.

Pili, wahandisi waliigeuza picha hiyo kuwa umbo kamili ndani ya kompyuta. Hatua hii ni ngumu, kwa kuwa picha haina mgongo. Upande usioonekana hauna budi kubuniwa.

Tatu, mashine zinazoongozwa na kompyuta zilikata chuma katika vipande 17, vikaunganishwa.

Mashine za namna hiyo hazikuanzia Sweden. Huko Carrara, Italia, alikokwenda Michelangelo kuchagua marumaru yake, mikono ya roboti yenye ncha za almasi huchonga mawe usiku na mchana. Mwaka 2016, nakala ya tao la kale la Palmyra, Syria, lililobomolewa na wapiganaji wa Dola ya Kiislamu mwaka 2015, ilichongwa huko kwa mashine kutokana na picha, kisha ikasimamishwa katika uwanja wa Trafalgar, London.

Mashine humwondolea fundi kazi nzito na vumbi, naye hubaki na umaliziaji. Hata hivyo, kazi hiyo nzito ndiyo iliyokuwa shule ya wanagenzi. Ikitoweka, haijulikani mkono wa kumalizia utafunzwa wapi.

Kumwachia mwingine tindo si jambo jipya. Rodin mwenyewe alifinyanga udongo, na sanamu zake nyingi za marumaru zikachongwa na wasaidizi. Lakini uamuzi wa umbo ulibaki kuwa wake.

Uamuzi huo ndio unaotazamwa pia na sheria. Machi 2025, mahakama ya rufaa jijini Washington, Marekani, katika shauri lililohusu picha, ilisema kazi iliyobuniwa na mashine peke yake haiwezi kupewa hakimiliki. Lazima mbunifu awe binadamu.

Kwa msimamo huo, msanii anayetumia akili mnemba na kudai haki nchini humo atalazimika kuonyesha ni kipi hasa alichokiamua yeye.