Saa Ndefu na Uwekevu wa Mbao

Wasomaji wa Kalama na Machakos yote wamezoea saa ya mkononi na ya ukutani. Lakini iko saa ya kale isimamayo sakafuni kama kabati, ndefu kumpita mtu. Yafaa tujue sababu ya urefu wake.

Mwaka 1656 Mholanzi Christiaan Huygens alibuni saa iongozwayo na pendulumu, yaani ufito wenye uzito mwishoni, uendao huku na huku. Saa za kabla yake zilikosea kama robo saa kila siku. Kosa hilo likapungua hata chini ya dakika moja. Katika miaka ya 1670 mafundi wa Uingereza wakatumia pendulumu ya karibu mita moja, ambayo kila mwendo wake ni sekunde moja. Ndipo lilipohitajiwa kabati refu la kuihifadhi.

Matajiri nao walitaka kabati lipendeze. Fundi hakulichonga katika gogo la mti wa thamani. Alilijenga kwa mbao za kawaida, kisha akapasua mbao za thamani ziwe vibao vyembamba vya milimita mbili hivi, akavikata kwa msumeno na kuvibandika kwa gundi vikafanya maua na ndege. Majani mengine yalikuwa mfupa uliotiwa rangi ya kijani. Ili ua liwe na kivuli, ukingo wa kibao ulichovywa katika mchanga wa moto ukababuka kidogo. Jamaa zetu wa pwani wana kazi iliyo karibu na hiyo: kiti cha enzi cha mpingo, chenye njumu za pembe.

Ama huku Ukambani, Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga kwa Wazaramo wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, akaileta kazi hiyo nyumbani. Imewalisha na kuwasomesha watoto wengi. Lakini kinyago hutoka gogoni, na sehemu kubwa ya mti huanguka chini. Mipingo na mihugu ikakatwa hata ikawa adimu, wachongaji wengi wakageukia mwarobaini.

Basi tuitazame saa ile kwa makini. Gogo moja lilitosha kupamba makabati mengi, na kipande kisichozidi ukucha kilipata kazi ya kuwa jani. Mpingo hukawia miaka mingi kukomaa. Apandaye leo atawachongea wajukuu. Lakini vipande vilivyolala chini ya kigoda cha mchongaji vyaweza kutumika leo hii. Akiba haiozi.