Chemirocha: Mwimbaji wa Kimarekani katika Fasihi Simulizi ya Wakipsigis

Imekuwa kawaida katika mijadala yetu ya fasihi simulizi kudai kwamba santuri na redio ndivyo vilivyoziua nyimbo za jadi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba katika nchi ya majani chai, huko Kericho na Bomet, mambo yalikuwa na sura nyingine. Wakipsigis walimsikia Mmarekani katika santuri, wakamtungia nyimbo, na nyimbo hizo nazo zikaingia katika santuri. Msomaji aniwie radhi nikianzia mbali.

Jimmie Rodgers alizaliwa mwaka 1897, akafanya kazi ya reli kabla ya kurekodi kwa mara ya kwanza mjini Bristol, Tennessee, mnamo Agosti 1927. Alifariki Mei 1933 kwa ugonjwa wa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 35. Katika muda huo usiotimia miaka sita alirekodi nyimbo zaidi ya 100. Alisifika kwa gitaa lake na kwa namna ya kuirusha sauti juu ghafla na kuirejesha chini, jambo ambalo sikio hulitambua hata pale ambapo maneno hayaeleweki. Santuri zake zilivuka bahari. Inasimuliwa kwamba zilifika kwa Wakipsigis pamoja na gramafoni za wamisionari wa Kiingereza.

Mwaka 1950, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyekuwa na makao yake Afrika Kusini, alifika Kapkatet akiwa na mitambo ya kurekodia. (Tukumbuke kwamba Bomet ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kericho hadi mwaka 1992.) Huko alirekodi nyimbo tatu zenye jina moja, Chemirocha. Katika mbili anasikika Bekyibei arap Mosonick. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyopata umaarufu, inaongozwa na Chemutoi Ketienya akiitikiwa na wasichana, huku chepkong', chombo cha nyuzi kilicho jamaa ya nyatiti ya Waluo, kikipigwa.

Kwa maelezo ya Tracey, wasichana hao walimwimba Chemirocha kama kiumbe nusu mtu nusu paa, wakimhimiza acheze kwa kurukaruka mpaka atoke katika nguo zake. Maelezo haya yamerudiwa mara nyingi, na aghalabu msomaji wa kigeni huyapokea kwa kicheko: Waafrika walisikia sanduku linaloimba, wakadhani mna jini ndani. Kwa maoni yangu usomaji huo ni mwepesi mno.

Tuanze na jina lenyewe. Kipsigis hakitofautishi sauti *j* na *ch* kama Kiswahili kinavyofanya, wala hakina *z*. Kwa hiyo Jimmie akawa *Chemi*, na Rodgers, ambalo katika matamshi ya Kiingereza huishia kwa *z*, likakatwa mwisho likawa *rocha*. Huu ni utohozi wa kawaida kabisa, sawa na ule uliotupatia *benki* na *shilingi*. Lakini tazama matokeo yake. Majina mengi ya wanawake wa Kipsigis huanza na *Che-*, mkabala na *Ki-* ya wanaume: Chebet na Kibet, Chelang'at na Kiplang'at. Kanuni hii ina mapengo yake, maana Cheruiyot ni jina la mwanamume. Hata hivyo, jina la mgeni lilipata umbo ambalo lingeweza kukaa miongoni mwa majina ya nyumbani bila kushtua, karibu kabisa na Chemutoi, mwimbaji mwenyewe.

Pili ni suala la mnyama. Koo za Wakipsigis huwa na wanyama wao, na kumhusisha mtu na mnyama ni njia mojawapo ya kumweka mahali pake katika jamii. Asiyeonekana, asiye na ukoo, anayesikika tu, ataelezwaje? Tena wimbo ni wa wasichana, na utani una nafasi kubwa katika nyimbo za namna hiyo. Mtu anayeambiwa aruke mpaka nguo zimvuke huenda anataniwa. Si lazima awe anaabudiwa. Tracey alisikiliza kwa makini, lakini alichoandika ni muhtasari wa mkusanyaji, na muhtasari haubebi kicheko cha hadhira.

Hapa ndipo penye tatizo kwa mtafiti wa leo. Rekodi hizo zilihifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika (ILAM), ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954, zikasambazwa ulimwenguni. Sauti ikahifadhiwa, muktadha wa utendaji ukabaki Kapkatet. Nakala zilirejeshwa huko katikati ya miaka ya 2010, ILAM ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, na mzee mmoja aliyeshiriki katika rekodi za 1950 alikutwa angali hai. Miaka 65 hivi ilikuwa imepita. Jina la Chemutoi limo katika kumbukumbu za rekodi ile. Wenzake waliomwitikia wametajwa kwa jumla tu, kama wasichana wa Kipsigis, na yeyote atakayetaka kuyapata majina yao hana budi kuwauliza wajukuu wao vijijini.